Safari ya mwezi huu: Tabata, mtaa uliokataa moshi

  

Mwezi huu ukurasa wetu wa safari haupandi mlima wala hauendi kutazama wanyama. Tunaingia mjini, Dar es Salaam, tena upande ule ambao watalii hawafiki. Tunakwenda kuangalia watu wa kawaida, wenye nyumba na wapangaji, mama ntilie na mafundi, jinsi walivyokaa pamoja wakasema: hapa tunaishi sisi, na hapa pasichafuliwe. Tutapita Tabata, Kunduchi Mtongani, Vingunguti na Hananasif. Nauli ni bure. Kaeni vizuri tu, twende.

NJIA TUNAYOPITA

Wengi kati yetu wanaijua Kigoma. Wapo waliovuka ziwa mwaka 1996 na mtumbwi, wakalala pale ufukweni na watoto na vifurushi. Basi, pale Kigoma ndipo inapoishia reli ya zamani ya kati, ambayo Wajerumani waliifikisha ziwani mwaka 1914. Ukiifuata hiyo reli kwenda mashariki, kilomita zaidi ya 1,200, unapita Tabora, Dodoma na Morogoro, halafu unateremka vilima vya Pugu na kuingia Dar es Salaam. Shikeni hilo jina la Pugu. Tutalirudia mbele.

Ukiwa mjini unapanda daladala kwenda Buguruni, unavuka barabara ya Mandela, na konda anaanza kuita: Segerea! Kimanga! Hapo umeshafika Tabata. Leo ni mtaa wa watu wengi sana. Nyumba za matofali, maduka, makanisa na misikiti, baa, saluni, mafundi wa milango ya chuma, chipsi zinakaangwa kando ya barabara mpaka usiku. Lakini ndani ya Tabata kuna sehemu inaitwa Tabata Dampo. Mtoto aliyezaliwa juzi anaweza kudhani ni jina tu kama majina mengine. Kumbe sivyo. Dampo ni jalala, mahali pa kumwaga taka. Wa Bukavu na Uvira wangesema pubele ya mji mzima. Jalala liliondoka, jina likabaki.

MOSHI WA TABATA

Miaka ya 1980, taka za Dar es Salaam zilikuwa zinamwagwa Tabata. Malori ya halmashauri ya jiji yanakuja, yanamwaga, yanaondoka. Taka zikirundikana zinawaka moto, na moshi wa taka si moshi wa kuni. Kuna nguo ndani, kuna plastiki, kuna mizoga. Unaingia chumbani, unakaa kwenye neti ya mtoto, unaingia hata kwenye sufuria. Ukiongeza nzi na harufu, familia haina mahali pa kukimbilia, maana nyumba ndiyo hiyo hiyo.

Si mnajua namna watu wanavyofanya mara ya kwanza? Wanalalamika mlangoni. Wanasema kwa mjumbe, mjumbe anasema atapeleka. Wanasubiri. Watu wa Tabata nao walilalamika, lakini hawakuishia kwenye kulalamika. Mwaka 1988 walikwenda Mahakama Kuu kuishtaki halmashauri ya jiji.

Na huo mwaka 1988 haukuwa mwaka wa hivi hivi. Tanzania iliingiza haki za binadamu ndani ya katiba yake mwaka 1984, lakini serikali ikapewa muda wa miaka mitatu kujipanga, hivyo mahakama zilianza kuzisimamia haki hizo mwaka 1988. Kwa hiyo wenzetu wa Tabata walikuwa kati ya watu wa kwanza kabisa kubisha ule mlango. Ibara ya 14 ya katiba hiyo inasema kila mtu ana haki ya kuishi. Na kuishi, watu wakauliza, je, ni kupumua moshi wa taka usiku na mchana?

Mahakama ikawakubalia mwaka huo huo. Jiji likaambiwa liache kumwaga taka Tabata na litafute mahali pengine pasipohatarisha afya ya watu. Mngedhani habari imeisha hapo. Wapi! Jiji likaomba muda, likapewa. Muda ukaisha, likaomba tena. Miaka mitatu malori yakaendelea kuja, na watu wana hukumu yao mkononi lakini pua zao zinasikia harufu ile ile.

Mwaka 1991 jiji likarudi mahakamani kuomba liongezewe muda tena. Safari hii likakutana na Jaji Kahwa Lugakingira, naye akakataa. Alisema hajawahi kusikia popote chombo cha umma kinakuja kuiomba mahakama ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Akasema pia kwamba kazi hiyo inavunja ile haki ya kuishi iliyo katika ibara ya 14. Wanasheria wa Tanzania bado wanaisoma kesi hiyo mpaka leo.

Ebu fikirini kidogo. Miaka mitatu ni mirefu. Katika miaka mitatu watu wanahama, wanachoka, wanagombana, wengine wanaambiwa na majirani kwamba wanajisumbua bure. Kilichowashinda wengi mahali pengine si sheria, ni kuchoka. Wa Tabata hawakuachana.

JIRANI NAYE ANA PUA

Sasa tunatoka Tabata, tunaelekea kaskazini kwa barabara ya Bagamoyo mpaka Kunduchi Mtongani. Bahari haiko mbali, samaki wanapatikana, na upande wa Mtongani watu wengi wamejipatia riziki kwa kuponda kokoto. Huku ndiko jiji lilikohamishia malori baada ya kufukuzwa Tabata mwaka 1991.

Kumbe nako kuna watu! Tena mpango wa jiji lenyewe ulilitaja eneo hilo kuwa la makazi. Basi watu wa Kunduchi Mtongani hawakungoja miaka. Mwaka huo huo wa 1991 mkazi mmoja na wenzake 794 walikwenda Mahakama Kuu. Watu 795 kwenye kesi moja! Hebu hesabuni: ni familia ngapi hizo, ni mikutano mingapi ya jioni chini ya mti, ni mara ngapi mtu amepita nyumba kwa nyumba na daftari kuuliza, wewe jina lako tuliweke au tusiliweke? Nao wakashinda. Mahakama ikafuta uamuzi wa jiji, ikalizuia kumwaga taka pale, na ikaliamuru litafute na kutengeneza mahali panapofaa.

Taka zikaenda wapi? Swali hilo lazima tuliulize, maana taka hazipotei kwa sababu mahakama imesema. Zikaenda Vingunguti. Ni mtaa ulio karibu na reli na bonde la mto Msimbazi, wenye machinjio makubwa ya ng'ombe, mabwawa ya majitaka, viwanda jirani, na watu wa kipato kidogo wengi. Jalala lilikaa Vingunguti mpaka mwaka 2001. Kutoka hapo likaenda Mtoni, upande wa kusini. Na baada ya Mtoni likahamishiwa Pugu Kinyamwezi, mbali na katikati ya mji. Mnaona sasa kwa nini tulisema mlishike jina la Pugu?

Ndugu wasomaji, hapa tusiharakishe. Wa Tabata walikuwa na haki. Wa Kunduchi walikuwa na haki. Lakini na mama wa Vingunguti, aliyekuwa anaanua nguo za mtoto zinanuka moshi, naye alikuwa na haki ile ile. Tofauti ni kwamba mahali penye watu wasio na nafasi, wasio na mtu wa kuandika barua, wasio na pesa ya wakili, ndipo mzigo unapoangukia. Umoja wa mtaa ni jambo zuri sana, lakini ukilinda ua wako tu, unaweza kumsukumia jirani kile ulichokikataa wewe. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Na jalala lisilosimamiwa ni hatari kubwa kuliko harufu. Tarehe 10 Agosti 2024 jalala la Kiteezi, pembeni ya Kampala, liliporomoka baada ya mvua nyingi likafukia nyumba za majirani. Watu zaidi ya 30 walikufa, na watoto walikuwamo. Mungu awapumzishe.

MIKOKOTENI NA MITARO

Siyo kila kazi ya mtaa ni kesi. Kazi nyingi ni za majembe na ndoo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, taka nyingi za Dar es Salaam zilikuwa hazizolewi kabisa. Magari hayakutosha, na mengine yalikuwa mabovu. Kufika mwisho wa miaka hiyo, jiji likaanza kuvipa mikataba vikundi vya mitaani pamoja na kampuni ndogo. Kila kikundi na kata yake. Vijana na akina mama wakawa wanapita na mikokoteni nyumba kwa nyumba, wanakusanya taka na ada kidogo. Haikuwa rahisi. Wengine walikataa kulipa, wengine walitupa taka usiku kwenye mtaro ili wasilipe. Lakini vikundi vilijua kila nyumba na kila mlango, jambo ambalo dereva wa lori la jiji hawezi kulijua.

Tumalizie safari Hananasif, wilaya ya Kinondoni, kwenye ukingo wa bonde la Msimbazi. Mtaa huu ulijengwa bila mpango. Mvua ikinyesha maji hayakuwa na njia, yakawa yanaingia ndani ya nyumba na kuchanganyika na ya vyoo. Wa kambini hatuhitaji kuelezewa hilo zaidi.

Kuanzia mwaka 1994 hadi 2000 wakazi waliboresha mtaa wao wenyewe kupitia chama chao cha maendeleo, wakisaidiwa na serikali na mashirika ya Umoja wa Mataifa, likiwamo shirika la kazi, ILO. Kilichofanya watu waje kujifunza pale ni namna kazi ilivyogawanywa. Hawakuleta kampuni kubwa na mitambo ikachimba na kuondoka. Chama cha wakazi chenyewe kiliingia mkataba, na wakazi, wanaume kwa wanawake, wakachimba mitaro, wakajenga kwa mawe na saruji, wakatengeneza barabara za ndani, wakalipwa. Pesa ikabaki mtaani, na ujuzi ukabaki mtaani. Aliyeujenga mtaro kwa mikono yake ana uchungu nao. Akiona mtu anatupa takataka mle ndani, atasema.

Lakini tusidanganyane, chama cha mtaa hakiwezi kila kitu. Desemba 2011 mvua kubwa zilinyesha Dar es Salaam, bonde la Msimbazi likajaa, watu zaidi ya 40 wakafa, na serikali ikahamishia familia nyingi za mabondeni kule Mabwepande, nje ya mji. Mtaro wa mtaa hauwezi kuzuia mto mzima. Mambo mengine yanahitaji serikali, na kazi ya chama hapo ni kuisumbua serikali mpaka ifanye.

NA SISI JE?

Kuna atakayesema: hao walikuwa wana nchi yao, wana katiba yao, wana mahakama. Sisi ni wakimbizi, tuko hapa kwa muda. Neno hilo tunalisikia sana. Lakini "kwa muda" kwa wengine wetu imekuwa miaka 10, kwa wengine 20 na zaidi. Kuna watoto waliozaliwa kambini ambao nao sasa wana watoto. Mtoto haharishi kwa muda. Akiugua kwa sababu ya maji machafu, anaugua kweli.

Tena haya mambo si mageni kwetu. Wa Congo mnawajua shefu wa avenyi na shefu wa kartiye. Nyumba kumi iko Tanzania, na Congo na Burundi tunaijua pia kwa jina hilo hilo. Wanyarwanda wana umuganda, Waganda wana bulungi bwansi. Wazee wa Congo wanakumbuka salongo ya enzi ya Mobutu, na wengine wakiikumbuka wanakunja uso, maana ilikuwa kazi ya amri. Usipofika, unaadhibiwa. Kazi ya Hananasif haikuwa ya namna hiyo. Ilikuwa kazi ambayo watu wenyewe wamekaa, wamebishana, wamekubaliana, na hesabu yake inaonekana.

Na kuhusu haki: katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 39, inasema kila raia wa Uganda ana haki ya mazingira safi na yenye afya. Katiba ya Congo ya mwaka 2006, ibara ya 53, inasema kila mtu ana haki ya mazingira yenye afya. Hiyo ya Congo inasema kila mtu, haikuandikwa mwenye kitambulisho fulani tu.

Basi kutokana na safari hii, tumeokota haya ya kupeleka kwenye bloki zetu:

1. Anzeni na jambo moja. Msiseme tutasafisha kambi nzima. Semeni: mtaro huu, kuanzia bomba mpaka kwa mama fulani. Watu wakiona umekwisha, watakuja kwenye wa pili.

2. Andikeni. Tarehe ambayo bomba lilikauka, siku ambazo shimo la taka lilijaa, watoto wangapi waliharisha wiki hiyo. Mkienda ofisini na daftari, mnasikilizwa tofauti na mkienda na hasira peke yake. Wa Kunduchi walikwenda na majina 795.

3. Pesa iwe wazi. Hata kama ni shilingi mia mia za kununua koleo. Mmoja anashika pesa, mwingine anashika kitabu, na kinasomwa mbele ya wote. Vyama vingi vimekufa kwa sababu ya pesa ndogo, si kubwa.

4. Wote wahesabiwe. Mama anayelea peke yake, mzee asiyeweza kushika jembe, familia iliyofika wiki iliyopita, watu wa kabila lingine na lugha nyingine. Asiyeweza kuchimba anaweza kuangalia watoto wa wanaochimba. Na mikutano isifanywe saa ambayo akina mama wako bombani.

5. Msimsukumie jirani. Kabla ya kufungua mtaro wenu, tembeeni mkaone maji yanaishia wapi. Yakiishia mlangoni mwa bloki ya chini, waiteni na wao mpange pamoja. La sivyo mtakuwa mmehamisha tatizo tu, kama lile jalala.

6. Maji yaliyotuama yaondoeni kila wiki. Mbu anahitaji siku 7 hadi 14 hivi kutoka yai mpaka kuruka. Mkimwaga maji ya matairi, makopo na madimbwi mara moja kwa wiki, mnamkatiza njiani. Kazi hiyo hata watoto wanaiweza, na wanaipenda.

7. Msichoke. Tabata walishinda mwaka 1988, lakini malori yalizuiwa kweli kweli mwaka 1991. Mwisho wa ubishi wao ni ile hewa ambayo watoto wa Tabata wanaivuta bila hata kujua kwamba kuna watu waliipigania.

Wapendwa, bloki yoyote ambayo imeanza kazi ya namna hii, iwe ya mtaro, ya choo, ya bomba au ya shimo la taka, tuandikieni au mje mtusimulie. Hata kama ilishindikana, simulieni ilishindikana wapi, ili bloki nyingine isikwame pale pale. Tutapenda safari yetu ya mwezi ujao iwe humu humu kambini, kwa miguu, mpaka kwenye mtaro wenu.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.